Kunuka na Kunukia: Manukato Yana Maana Gani kwa Mwanachuo wa Nyanda za Juu?

Bumu likiingia, harufu ya chuo inabadilika. Hili halihitaji utafiti. Wiki moja kabla, ukumbi wa mihadhara saa moja asubuhi unanukia sabuni ya kipande, maandazi, na majaketi ambayo hayajaona jua siku nyingi. Wiki moja baada ya fedha kusoma kwenye simu, unaingia ukumbini unakutana na ukuta wa pafyumu: vanila mbele, udi katikati, na kule nyuma walikokaa washkaji kuna bodi sprei iliyopuliziwa kama dawa ya mbu. Wengine wanapiga chafya, wengine wanafurahi. Lakini karibu kila mmoja wetu, mwenye hela na asiye nayo, amewahi kujiuliza kimoyomoyo: hivi mimi nanukia au nanuka?

Swali hilo linaonekana dogo, lakini linaendesha maisha ya watu. Kuna mtu anachagua kiti cha mwisho kwa sababu yake. Kuna mtu anakwepa kundi la majadiliano kwa sababu yake. Kuna mtu analala njaa siku tatu za mwisho wa mwezi kwa sababu chupa moja ya pafyumu ilimeza hela ya wali. Kwa hiyo tuichukue harufu nzuri kama tunavyochukua somo lolote: neno lake limetoka wapi, mwilini inafanya kazi vipi, wazee wetu waliitumia kusema nini, na sisi wa Mbeya na Iringa, watu wa baridi na mikaratusi, tunaihitaji kwa ajili gani.

Neno lenyewe linafundisha

Kiswahili kimefanya jambo la ajabu kidogo. Harufu mbaya na harufu nzuri zimepewa mzizi mmoja. Kunuka ni kutoa harufu mbaya. Chomeka irabu moja tu, i, unapata kunukia, yaani kutoa harufu nzuri. Wenzetu wa isimu wanaijua irabu hiyo: ndiyo kiambishi cha kauli ya kutendea. Pika, pikia. Imba, imbia. Kitendo kinaelekezwa kwa mtu fulani. Ukiusoma mzizi huo kwa macho ya sarufi, anayenuka anatoa harufu tu, basi. Anayenukia anatoa harufu kwa ajili ya mwingine.

Na si Kiswahili peke yake. Vuka mpaka pale Kasumulu uingie Malawi, utakuta Kichewa wanasema kununkha kwa harufu mbaya na kununkhira kwa harufu nzuri. Mzizi uleule, ujanja uleule. Hata neno fungo, ambalo kwetu ni yule mnyama wa usiku anayetoa zabadi ya kutengenezea manukato, kwa Kichewa maana yake ni harufu yenyewe. Lugha za Kibantu zilikuwa na mawazo yao kuhusu harufu kabla chupa ya kwanza ya pafyumu haijashushwa bandarini.

Juu ya mzizi huo yakaja maneno ya biashara ya Bahari ya Hindi. Marashi limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kunyunyiza. Uturi ni harufu nzuri. Udi asili yake ni mti au kijiti. Ubani nalo ni la Kiarabu. Manukato, kama unavyoona, ni letu: limetoka palepale kwenye kunuka.

Mtaani tumeendelea kuzungusha maneno hayo. Mambo yakiharibika tunasema kimenuka. Jambo likikaribia tunasema linanukia: harusi inanukia, ubingwa unanukia, hata vita inaweza kunukia. Na mtu akiamua kupambana bila kurudi nyuma, tunasema anatafuta kwa udi na uvumba. Wengi tunautumia msemo huo kwenye barua za kuomba kazi bila kukumbuka kwamba ni habari ya kufukiza: mtu mwenye shida kubwa alifukiza udi, akafukiza na uvumba, hakuacha mlango wowote bila kuubisha.

Angalia na hili: vumba ni ile harufu ya samaki wabichi, uvumba ni kitu kinachofukizwa kanisani. Tofauti ni herufi moja. Ni kama lugha inatukumbusha kwamba umbali kati ya kunuka na kunukia si mkubwa.

Pua na kumbukumbu

Harufu si kitu cha hewani tu kisichoshikika. Ni chembe. Ukinusa kahawa, kuna molekuli za kahawa zimeruka kutoka kikombeni zikaingia puani mwako. Juu kabisa ndani ya pua kuna ngozi laini yenye vipokezi, na binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo. Kila harufu huamsha mchanganyiko wake, kama vidole vinavyobonyeza funguo kadhaa za kinanda kwa pamoja. Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walioeleza jinsi vipokezi hivyo vinavyofanya kazi walichapisha ugunduzi wao mwaka 1991, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Jambo la muhimu zaidi ni njia inayopitiwa. Taarifa za macho na masikio hupita kwanza kwenye kituo cha kupangia taarifa katikati ya ubongo. Harufu ina njia ya mkato: inafika mapema kwenye sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana unaweza kusahau sura ya mwalimu wako wa darasa la kwanza, lakini ukinusa chaki na sakafu iliyopigwa maji, moyo unarudi shuleni kabla akili haijajua kwa nini. Na ndiyo maana mtu aliyeachwa anaweza kushuka kwenye daladala kabla ya kituo chake kwa sababu abiria wa kiti cha mbele amejipulizia pafyumu ya yule bwana.

Pua ina tabia nyingine: inachoka haraka. Ukikaa na harufu moja dakika chache, ubongo unaipuuza ili uwe tayari kwa harufu mpya. Hapa ndipo balaa la ukumbini linapoanzia. Mtu anajipulizia, baada ya muda haisikii tena pafyumu yake, anadhani imeisha, anaongeza. Yeye hasikii kitu, sisi tuliokaa naye safu moja tunalia machozi. Ukitaka kujua kama unanukia, usiiulize pua yako. Muulize rafiki anayekupenda kiasi cha kukwambia ukweli.

Pwani walivyoipa harufu kazi

Kwa watu wa pwani, manukato si pambo la mwisho kabla ya kutoka nyumbani. Ni lugha kamili. Zanzibar, bibi harusi husuguliwa singo, mchanganyiko wa maua na viungo vinavyonukia, siku kadhaa kabla ya ndoa. Nguo hufukizwa udi kwenye chetezo. Asumini, kilua, mkadi na rihani hufungwa pamoja kuwa kikuba, kinavaliwa. Mgeni wa heshima hunyunyiziwa marashi kwa mrashi, kile chombo chenye shingo ndefu. Kila kimoja kina ujumbe: karibu, leo ni siku kubwa, umethaminiwa.

Na si furaha tu. Msibani ubani hufukizwa, na kutoka hapo hata fedha inayotolewa kwa wafiwa ikaitwa ubani. Ukimpa mfiwa ubani leo, pengine kwa simu, hakuna moshi wowote, lakini neno limebeba kumbukumbu ya enzi ambapo kumsaidia aliyefiwa kulianza na kitu cha kufukiza.

Dini zetu mbili kubwa nazo zina harufu. Mwislamu anafundishwa kwamba kuoga na kujipaka mafuta mazuri kabla ya swala ya Ijumaa ni suna. Wengi huchagua uturi wa mafuta usio na kilevi. Mkatoliki anajua moshi wa ubani kwenye Misa ya sherehe unavyopanda kuelekea darini. Mamajusi walileta dhahabu, uvumba na manemane. Yaani katika zawadi tatu, mbili ni za kunukia.

Halafu kuna kisa cha yule mwanamke aliyevunja chupa ya nardo safi kumpaka Yesu. Bei ilitajwa: zaidi ya dinari 300, wakati dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Karibu mshahara wa mwaka mzima, umemwagika mara moja. Waliokuwepo walinung'unika kwamba mali hiyo ingeuzwa, fedha wakapewa maskini. Ukiusikiliza vizuri ubishi huo, ni uleule unaosikika geto kila bumu linapoingia: huyu kanunua pafyumu ya nini wakati unga umeisha? Jibu alilopewa mnung'unikaji halikuwa kwamba maskini hawana maana. Lilikuwa kwamba kuna tendo ambalo thamani yake haipimwi kwa kilo. Ugumu ni kujua lini unafanya tendo la namna hiyo, na lini unatafuta tu sifa za korido.

Je, sisi wa bara hatuna chetu?

Kuna fikra kwamba manukato ni mambo ya Wapwani, na kwamba watu wa Nyanda za Juu Kusini tulikuja kuyajua kupitia maduka ya Mwanjelwa na Miyomboni. Si kweli. Tunaishi katika mojawapo ya pembe zinazonukia zaidi nchini. Tatizo tumezizoea harufu zetu mpaka hatuzisikii.

Anza na chakula. Mchele wa Kyela unauzwa Dar es Salaam kwa jina lake, na sifa yake ya kwanza ni kunukia. Wajanja huuchanganya na mchele mwingine na bado wanauita Kyela, maana jina lenyewe lina bei. Katika michele inayonukia duniani, ukiwemo basmati wa India, kemikali inayosifika inaitwa asetilipirolini. Hiyohiyo ndiyo inayotoa harufu ya bisi na ya ganda la mkate uliotoka tanuri sasa hivi, na imo kwenye majani ya pandani ambayo Waasia hutia kwenye wali. Pandani ni ndugu wa mkadi, ule wa vikuba vya pwani. Kwa hiyo sufuria ya wali wa Kyela na kikuba cha bibi harusi si watu baki.

Nenda Mufindi. Msitu wa Sao Hill unanukia misindano kilomita nyingi, na utomvu wa miti hiyo unagemwa. Ukichemshwa na kukusanya mvuke wake unapata tapentaini, na ndani ya tapentaini kuna pinini, kemikali ambayo viwanda vya manukato vinaigeuza kuwa harufu za maua na za usafi zinazotiwa kwenye sabuni. Ile sabuni ya unga inayodai kunukia maua ya milimani inaweza kuwa imeanza kama utomvu wa msindano.

Mikaratusi je? Mwaka 2020, wakati wa korona, nchi nzima ilijifukiza. Majani ya mkaratusi, mchaichai na malimao vilichemshwa karibu kila nyumba. Mvuke huo unamfanya mtu mwenye mafua ajisikie pua imefunguka. Hautibu ugonjwa, na maji ya moto yameunguza watu. Lakini mwaka huohuo wengi waliougua walipoteza uwezo wa kunusa, wakagundua chai ya Rungwe imegeuka maji ya moto yenye rangi. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu. Aliyepoteza pua amepoteza na nusu ya ulimi.

Na ile harufu ya mvua ya kwanza, mwezi wa Novemba, udongo unapopigwa na matone baada ya kiangazi kirefu? Nayo ina jina. Wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Bear na Richard Thomas, waliiita petrikori mwaka 1964. Sehemu yake inatokana na kemikali iitwayo jeosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Huko Kannauj, India, mafundi huchoma udongo, wanaukamua mvuke wake na kuuza harufu ya mvua kwenye vichupa. Sisi tunaipata bure kila mwaka, na mkulima wa Mbarali au Kilolo akiisikia anajua jembe limeitwa.

Moshi, aibu na jina la utani

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Harufu inatumika pia kupanga watu matabaka, na vyuoni inafanyika kimyakimya.

Mwanafunzi aliyetoka nyumba ya gesi au umeme ananukia sabuni. Aliyepanga chumba cha bei ya chini Iyunga au Kihesa, anapikia mkaa ndani ya chumba hichohicho anacholala na kutundika nguo, ananukia moshi. Hajakosa usafi. Ameoga, amefua, amepiga pasi. Lakini moshi hukaa kwenye nyuzi za sweta na kwenye nywele, na chumba hakina dirisha la pili. Akikaa darasani, mtu anavuta pua. Kesho yake anaitwa Jiko. Wiki ya pili anahamia kiti cha nyuma, mwezi wa pili haji tena kwenye semina. Ukija kusikia amepata sapu tatu, watu watasema hakuwa na akili.

Si kila tunachokiita kunuka ni uchafu. Jasho lenyewe likitoka halina harufu ya maana; harufu inakuja baada ya bakteria wa kwapani kulila. Kwa hiyo tajiri na maskini wanatoa kikwapa sawasawa, tofauti ni nani ana maji ya moto saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba. Mbeya na Iringa ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai nyuzi joto zinashuka chini ya 10. Bomba likitoa maji ya barafu, ndugu zangu, wengi wanaoga kwa mtindo wa pasipoti: uso, shingo na mikono. Kisha juu yake linavaliwa jaketi zito la mtumba, na juu ya jaketi inapigwa pafyumu.

Hapo ndipo maana ya manukato inapopotoshwa. Pafyumu haikutengenezwa kufuta harufu nyingine. Inaongeza harufu juu ya harufu. Kikwapa na vanila vikikutana havipatani; vinazaa kitu cha tatu ambacho hakina jina. Ni sawa na mzee anayetoka kilabuni baada ya lita mbili za ulanzi, akitafuna karafuu njia nzima. Mke wake anasikia karafuu, na anasikia na ulanzi.

Mambo machache ya kutumia kesho asubuhi

Kwa kuwa hii ni makala ya kueleza, tuweke mambo wazi.

Kwanza, maji na sabuni ndiyo manukato ya msingi. Ukishindwa kuoga mwili mzima, kwapa na miguu visirukwe. Sokoni kuna shabu, lile jiwe jeupe la kung'aa lililotumika na bibi zetu wa pwani. Lilowanishe, pitisha kwapani baada ya kuoga. Lina aluminiamu, kama zilivyo dawa nyingi za dukani za kuzuia jasho, na jiwe moja linakaa miezi.

Pili, elewa unachonunua. Pafyumu nyingi ni mafuta ya harufu yaliyoyeyushwa kwenye spiriti. Kolonyi ina mafuta kiasi cha asilimia 2 hadi 5. Ile iliyoandikwa eau de toilette, kama 5 hadi 15. Pafyumu kamili inaweza kufika 20 au 30. Ndiyo maana tone la pafyumu za kupima linashinda kopo zima la bodi sprei.

Tatu, harufu hazitoki kwa pamoja. Zinazoruka mwanzo ni nyepesi, kama malimao na machungwa, na huisha ndani ya nusu saa hivi. Zinafuata za maua. Za mwisho ni nzito: miti, vanila, ambari, udi. Kwa hiyo usinunue chupa kwa sababu ya sekunde kumi za kwanza dukani. Pulizia mkononi, zunguka sokoni saa nzima, kisha nusa tena. Hiyo ndiyo utakayoishi nayo.

Nne, jua hali ya hewa yetu. Harufu inahitaji joto ili iruke. Pafyumu iliyokusifika Dar es Salaam jasho likitoka, hapa asubuhi ya Julai inalala kwenye ngozi kama nyoka kwenye baridi. Unadhani haina nguvu, unaongeza mara tano. Saa sita jua linawaka, ukumbi umejaa, zote tano zinaamka kwa wakati mmoja. Puliza mara mbili, kwenye ngozi iliyopakwa mafuta ya mgando. Ngozi kavu ya kiangazi cha huku haishiki harufu.

Tano, mwonee huruma mwenye pumu. Kwa baadhi yao pafyumu kali ndani ya chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya baridi ni hatari, si kero. Siku ya mtihani hasa, punguza.

Sita, kuwa mwangalifu na chupa zisizo na jina la mtengenezaji wala tarehe. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS. Ngozi ikiwasha au kutoa madoa, acha kutumia. Urembo hauna fidia.

Na kuhusu nguo za moshi: tundika nje kwenye upepo kabla ya kulala, funga nguo za darasani kwenye mfuko uliobana wakati wa kupika, pika mlangoni inapowezekana. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwa uhai kabla hata ya kuwa hatari kwa sweta.

Harufu ina gharama pengine

Kuna upande ambao chupa haiandiki. Mafuta ya karafuu yanayokamuliwa Pemba yana yujinoli, kemikali ya ile harufu unayoisikia kwa daktari wa meno. Zamani viwanda vya nje viliitumia kutengenezea vanila ya bandia. Langilangi inayotiwa kwenye manukato maarufu ya Ufaransa inatoka kwa wingi Komoro, kwa jirani zetu. Yaani Afrika Mashariki imenukisha dunia muda mrefu, lakini chupa yenye jina inatengenezwa mbali, tunauziwa sisi.

Mbaya zaidi ni habari ya msandali. Mti huu mdogo unaota maeneo makavu ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Mafuta yake yako kwenye kiini cha shina na kwenye mizizi, kwa hiyo mvunaji haramu hakati tawi, anang'oa mti mzima. Na msandali ni nusu kimelea: mizizi yake inajishikiza kwenye mizizi ya miti jirani, haupandwi kirahisi kama msindano. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 mkataba wa kimataifa wa CITES ukauweka kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya nje lazima iwe na kibali, kwa Tanzania na nchi jirani. Wenzetu wa misitu, kemia na biashara, hapa kuna kazi: kitalu cha msandali, kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya mkaratusi au mchaichai, sabuni inayonukia kahawa ya Mbozi. Malighafi tunazipita kila siku tukienda darasani.

Turudi kwenye ile irabu moja. Kama kunukia ni kutoa harufu kwa ajili ya mwingine, basi kipimo chake si bei ya chupa bali ni hali ya aliyekaa karibu nawe. Mwenye pafyumu ya bei mbaya anayemfanya jirani akohoe hajanukia. Mwenye sweta la moshi aliyemwachia mwenzake nafasi kwenye benchi na kumpa daftari lake la nukuu amenukia vizuri kuliko wengi. Bumu lijalo, ukishanunua unga, mafuta na mkaa, na ikabaki hela ya kichupa, nunua bila aibu. Kisha ukimwona yule waliyembandika jina la Jiko, kaa kiti cha pembeni yake.